Juu ya Kuzisoma Habari za Kale za Eldoret

Msomaji, ukimwuliza mkaaji wa Eldoret jina la kale la mji wake, aghalabu atakujibu, "Sikisti-foo." Mzee wa Kinandi pengine atakwambia "Sisibo", nalo ni neno lile lile lililopita katika kinywa kingine. Lakini mwulize kwa nini mji ukaitwa kwa hesabu, na hapo utaona majibu yakiachana njia. Mmoja atasema ya kwamba ni maili 64 kutoka stesheni ya reli. Mwingine atasema ni namba ya shamba. Wote wawili watasema kwa yakini, na wote wawili watakuwa wamelisikia jambo hilo kwa mtu waliyemwamini.

Nimeanza na jambo hili dogo kwa sababu ndani yake mna kazi yote ya mhakiki wa historia. Kazi yake ni kumwuliza kila shahidi amejuaje anayoyasema, na ana haja gani ya kuyasema. Tuyapime basi majibu hayo mawili. Wanaosema maili hawatuelezi sawasawa zilipimwa kwa njia ipi. Baadhi yao hutaja stesheni ya Kibigori, nayo iko upande wa Kisumu. Lakini kabla reli haijafika Eldoret mwaka 1924, magari ya ng'ombe ya walowezi yalizoea kushika njia ya Londiani. Wanaosema shamba wana ushahidi ulio imara zaidi. Wapima ardhi walipoigawa nyanda ya juu ya Uasin Gishu walizipa sehemu zake namba, na sehemu ya 64 ilikodishwa kwa Kaburu mmoja jina lake Willie van Aardt. Ardhi yake ilikuwa mbovu kwa kilimo, na kwa kuwa haikufaa kulimwa ilionekana yafaa kujengwa posta. Posta ikafunguliwa mwaka 1910, na watu wakapaita mahali pale kwa namba ya shamba.

Mimi naona jibu la pili ndilo lenye nguvu. Namba ya shamba yaweza kutazamwa katika ramani, pamoja na namba za mashamba ya jirani. Maili hazina jirani. Walakini usilitupe jibu la kwanza. Linatuonyesha jinsi watu wa siku zile walivyopaona mahali pale: pako mbali na reli, hapafikiwi ila kwa siku nyingi za matope. Habari isiyo sahihi juu ya jambo moja huweza kuwa shahidi mwema juu ya jambo jingine.

Mwaka 1912 Serikali iliamua kupafanya mahali pale kuwa makao ya utawala, na ndipo mji ulipopewa jina la Eldoret. Shina la jina husemwa kuwa ni neno la Kimasai lenye maana ya mto wa mawe, kwa ajili ya mto Sosiani upitao hapo juu ya miamba. Na mwisho wake, yaani "-et", ulitiwa ili neno lipate sura ya Kinandi. Tazama basi: Waingereza walitangaza jina lenye shina la Kimasai na mkia wa Kinandi, wakaupa mji uliomea katika shamba la Kaburu. Mtu anayetaka kudai kwamba mji huu ni wa watu fulani peke yao, hata jina lake halimsaidii.

Sasa twende kwenye vitabu. Habari iandikwayo zaidi kuliko zote juu ya mwanzo wa Eldoret ni ile ya safari ya Makaburu ya mwaka 1908. Walitoka Afrika ya Kusini, chini ya uongozi wa Jansen van Rensburg, wakaja kwa meli hadi Mombasa, wakapanda gari la moshi hadi Nakuru. Na kutoka Nakuru wakafunga maksai kwenye magari yao, wakakwea misitu na matope ya Timboroa, mpaka mnamo mwezi wa Oktoba wakafika mto Sosiani. Kundi jingine likafuata mwaka 1911. Habari hii ni nzuri kuisoma. Ina giza la msitu, magari yaliyokwama, watoto, na mwisho wake mtu anasimama mahali palipo wazi na kuona nyanda pana ya majani. Wana wa watu wale hawakuisahau, nasi hatuna sababu ya kuwacheka kwa kutoisahau.

Lakini uliza, walikuwa wangapi? Mahali pengine utasoma jamaa 47, pengine jamaa 58. Hapa mwanafunzi mvivu huchagua hesabu moja na kuisahau nyingine. Mwanafunzi mwenye bidii hujiuliza jamaa ni nini. Je, kijana asiyeoa aliyekuja na ndugu yake ni jamaa ya peke yake? Je, mjane na wanawe? Je, wamehesabiwa waliopanda meli, au waliofika Sosiani, au waliopata mashamba? Hesabu mbili zinazogombana huenda zikawa ni majibu ya maswali mawili mbalimbali, na asiyeuliza swali hawezi kujua ni lipi lililojibiwa.

Kisha uliza swali la pili, ambalo vitabu vya walowezi havilipendi: nani mwingine alikuwako? Kipo kitabu kiitwacho *Pioneers' Scrapbook*, kilichokusanywa na Elspeth Huxley na Arnold Curtis, kikatolewa mwaka 1980, nacho kimejaa kumbukumbu za walowezi wa Kenya kutoka mwaka 1890 hadi 1968. Kipo pia cha Brian du Toit juu ya Makaburu wa Afrika ya Mashariki, cha mwaka 1998, ambacho ni kazi ya mtaalamu na chafaa kusomwa kwa utulivu. Katika kumbukumbu za walowezi kwa jumla, bwana hutajwa kwa jina lake na la baba yake, farasi hutajwa kwa jina lake, hata mbwa. Mpishi naye hutajwa kwa jina moja tu, pengine la kupachikwa, na wachungaji wa ng'ombe hutajwa kwa wingi wao kama mvua.

Chukua mfano wa kisa cha benki, ambacho husimuliwa Eldoret hata leo. Yasemwa kwamba benki ya Standard Bank of South Africa ilipofungua tawi mwaka 1912, kasha la chuma la kuwekea fedha lilishushwa garini, likawa zito mno kusogezwa tena. Basi nyumba ya benki, ya miti na udongo, ikajengwa kulizunguka pale pale lilipoanguka. Ni kisa cha kuchekesha, nami sioni haya kukirudia. Lakini kisome tena. Miti ilikatwa na nani? Udongo ulikandwa na nani? Kisa kinamfahamu meneja na kasha lake. Mikono iliyojenga haimo. Huu si uongo. Ni ukimya, na ukimya ni mgumu kuukosoa kuliko uongo, kwa sababu hauna maneno ya kushika.

Ukimya mkubwa kuliko wote ni juu ya nyanda yenyewe. Walowezi wengi waliandika kwamba waliikuta nchi tupu, yenye wanyama wa porini tu. Macho yao pengine yaliona hivyo kweli. Swali ni kwa nini ilikuwa tupu. Jina la Uasin Gishu ni la kabila moja la Wamasai, watu waliochunga hapo mpaka walipovunjwa katika vita vya Wamasai wenyewe kwa wenyewe katika karne ya kumi na tisa. Na baada yao Wanandi wakawa wanaitumia nyanda ile kwa malisho. Kisha zikaja vita za Waingereza na Wanandi, ambazo zilianza mwaka 1895 na kuendelea kwa muda wa miaka kumi na zaidi. Siku ya 19 Oktoba 1905 kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, aliitwa kwenye mazungumzo ya amani akauawa huko na Richard Meinertzhagen, ofisa wa jeshi la Waingereza. Wanandi wakashindwa, wakasukumwa katika eneo walilopimiwa. Baada ya miaka 3 magari ya van Rensburg yakafika Sosiani, yakakuta majani bila watu. Kitabu kinachoanza mwaka 1908 kinaanza kusoma sura ya pili.

Tena hao hawakuwa wageni wa kwanza kupewa ahadi ya nchi hiyo. Mwaka 1903 Serikali ya Uingereza ilitaka kuwapa Wayahudi sehemu ya nyanda hii iwe makao yao, na mwanzoni mwa mwaka 1905 watu watatu walitumwa kuitazama: Gibbons, Kaiser na Wilbusch. Waliitembea nchi moja katika safari moja, na waliporudi hawakuafikiana. Wilbusch aliona haifai kabisa; Gibbons aliona kwamba si vibaya kujaribu. Mkutano mkuu wa Wazayoni ukaikataa zawadi hiyo mwaka ule ule. Natamani kila darasa la historia lisomewe habari ya watu hao watatu, kwa maana tumezoea kudhani kwamba shahidi wa macho amemaliza neno. Jicho huona kile ambacho moyo umekuja kutafuta.

Kuhusu kifo cha Koitalel tuna shahidi wa ajabu, yaani muuaji mwenyewe. Shajara ya Meinertzhagen ya miaka 1902 hadi 1906 ilichapwa mwaka 1957. Ni kitabu kilichoandikwa kwa ufundi, na wanafunzi wengi wakikisoma hukiamini kwa sababu mwandishi haoni haya kusema mambo mabaya aliyoyatenda. Hapo nakusihi uangalie. Mtu kukiri maovu yake si dalili ya kwamba anasema kweli. Wako watu wanaojigamba kwa maovu kama wengine wanavyojigamba kwa mema. Wataalamu waliozichungua habari nyingine za Meinertzhagen, hasa za ndege, maana alisifika pia kwa elimu ya ndege, wamekuta mengi ya kubuni. Basi shajara hiyo isomwe pamoja na barua za Serikali za wakati ule, na pamoja na masimulizi ya Wanandi wenyewe. Fimbo 3 zilizochukuliwa baada ya kifo cha Koitalel zilirudishwa Kenya mwaka 2006, baada ya kukaa Uingereza kwa miaka mia moja katika mikono ya jamaa ya Meinertzhagen. Fimbo hizo haziwezi kusema uongo. Wala haziwezi kusema neno.

Huenda ukauliza, mambo haya ya nani alitangulia yana faida gani kwa kijana wa leo? Nitakujibu bila kuzunguka. Katika wilaya ya Uasin Gishu swali la nani alitangulia limeua watu. Baada ya mwaka 1963 mashamba mengi ya walowezi yaliuzwa. Mengine yalinunuliwa na matajiri, mengine na vyama na kampuni ambazo watu wa chini walichanga fedha zao ndani yake, shilingi kwa shilingi, wakapata ekari chache chache. Wengi wao walikuwa Wakikuyu, ambao wazazi wao walikuja katika Bonde la Ufa kama vibarua na maskwota. Majirani zao Wakalenjin wakasema kwamba ardhi ile ilikuwa ya baba zao kabla ya Mzungu. Kila upande ulikuwa na historia yake, na kila historia ilianza mahali palipoifaa. Katika uchaguzi wa mwaka 1992, na zaidi katika ule wa mwisho wa mwaka 2007, wanasiasa walizitia moto historia hizo. Siku ya 1 Januari 2008 watu waliokuwa wamekimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomwa humo, na wengi wa waliokufa walikuwa wanawake na watoto. Kwa hiyo ninapokuomba uwe mwangalifu na neno "wa kwanza", siombi jambo la darasani tu.

Nani basi alikuwa wa kwanza? Katika nyanda ile na pembezoni mwake yako mashimo mengi ya kale, mviringo, ambayo watu huyaita mashimo ya Wasirikwa. Zamani ilidhaniwa kwamba watu waliishi ndani yake. J. E. G. Sutton, mwanachuoni wa mambo ya kale, aliyachimba na kuyachungua, akatoa kitabu chake mwaka 1973. Alionyesha kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe yaliyochimbwa chini, na nyumba zilijengwa kando yake. Wasirikwa walikuwako kabla ya Wamasai wa Uasin Gishu. Wamekwenda wapi? Kwa sehemu kubwa wamo ndani ya watu walio hai, katika koo za Wakalenjin na hata za Wamasai. Hilo ni jibu lisilompendeza anayetafuta mpaka.

Sasa nifike kwenye nasaba, maana najua wengi wenu mngependa kuandika habari za jamaa zenu. Mkaburu anayemtafuta babu yake ana njia iliyolimwa. Kanisa la Makaburu lilianzisha usharika wake wa kwanza katika nyanda hii mwaka 1909, wakauita Vergenoeg, maana yake "mbali vya kutosha", jina ambalo nadhani lilitoka moyoni. Kanisa la namna ile huandika ubatizo, ndoa na maziko, na katika kila mstari pana baba na mama. Aidha liko Gazeti rasmi la Serikali, lililoanza kutolewa mwaka 1899, ambalo ndani yake mna hati za ardhi, leseni, vyeo, na matangazo ya mali za waliokufa. Mtu mwenye subira aweza kumfuata mlowezi mmoja kutoka kupewa shamba hadi kugawiwa kwa urithi wake bila kuondoka mezani.

Mjukuu wa kibarua atafuata nini? Iko karatasi moja, nayo ni kipande. Sheria ya kuandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu, na kila mwanamume aliyefika umri wa kazi alilazimika kubeba cheti chenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, jina la bwana wake, na mshahara wake. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Watu walikichukia, na walikuwa na haki. Kwa mwenye kutafuta nasaba, kipande kina thamani, lakini kisome kwa hadhari kuu. Kiliandikwa na karani aliyesikia jina kwa sikio geni. Kabila liliandikwa moja hata kama mama alitoka kwingine. Na wanawake hawamo kabisa. Kipande kilitengenezwa kumtafuta mtu aliyetoroka kazi, si kumkumbuka.

Kwa wale waliokaa mashambani pamoja na jamaa zao na ng'ombe wao, sheria ya mwaka 1918 ilimtaka skwota amfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Basi habari za watu hao hutokea katika ripoti za wakuu wa wilaya, mara nyingi kwa jumla tu: vichwa vya watu na vichwa vya ng'ombe katika jedwali moja. Ripoti za namna hiyo zimewekwa katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iliyoko Nairobi, ambayo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1965, na mwananchi yeyote mwenye kibali cha utafiti aweza kuzisoma. Nyingine zilisafirishwa Uingereza kabla ya uhuru, na haikukubaliwa wazi kwamba ziko mpaka mwaka 2011. Daftari za wanahisa wa kampuni za kununua ardhi nazo ni nasaba za namna yake, maana mtu alipokufa hisa yake iliandikwa jina la mrithi. Nawaonya vijana: daftari hizo hukaa katika kabati na masanduku ya wazee, na mchwa hawangoji watafiti.

Lakini hazina iliyo kubwa kuliko zote haimo katika karatasi. Mwulize mzee wa Kinandi umri wa babu yake, naye hatakutajia mwaka, atakutajia rika. Marika yao ni saba: Maina, Chumo, Sawe, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige na Nyongi, baada ya Nyongi hurudi Maina. Kila rika huchukua miaka ipatayo kumi na mitano, hata mzunguko wote hupata karne moja na zaidi kidogo. A. C. Hollis aliyaandika haya katika kitabu chake cha mwaka 1909, na G. W. B. Huntingford akayaeleza tena mwaka 1953. Ni kalenda iliyo hai. Kasoro yake ni moja, nayo imewakwaza wengi: kwa kuwa majina hurudi, mtu akisema vita fulani vilipiganwa na vijana wa Chumo, yakupasa uulize ni Chumo gani, wa juzi au wa mzunguko uliotangulia. Usipouliza utakosea kwa miaka mia.

Majina nayo yana mtego. Neno "arap" maana yake ni "mwana wa", na mgeni akiliona hudhani kwamba linalofuata ni jina la ukoo kama la Kizungu, linaloshuka kutoka baba hadi mwana hadi mjukuu. Sivyo. Koitalel arap Samoei na Kipchomber arap Koilegen walikuwa ndugu, na wote wawili hutajwa kuwa wana wa Kimnyole arap Turukat, aliyeuawa mwaka 1890. Tazama majina hayo matatu: baba na wanawe wawili, wala hakuna jina la mwisho linalofanana na jingine. Mtafiti anayepanga kadi zake kwa herufi za jina la mwisho atawaweka ndugu hawa katika masanduku mawili, na baba yao katika la tatu, kisha ataandika kwamba hakuona uhusiano.

Kinachounganisha ni ukoo, na kila ukoo una mnyama wake: Talai simba, Moi korongo, Tungo fisi, Kipkenda nyuki. Ukiujua ukoo wa mtu umejua nani hawezi kumwoa na nani atamzika. Hata hapo, usidhani umefika kwenye damu safi. Ukoo wa Talai, uliotoa viongozi wakuu wa Wanandi kama Koitalel, husimuliwa na Wanandi wenyewe kuwa ulitoka kwa Wamasai; na koo nyingine ziliwapokea watu wa nje, walioingia kwa vita, kwa njaa, au kwa ndoa, wakatahiriwa katika rika, wakawa Wanandi. Masimulizi yao hayaoni haya juu ya jambo hilo. Ni siasa ya siku za karibuni iliyoanza kuona haya.

Kuna mtaa mmoja mjini Eldoret, mji uliopewa hadhi ya jiji siku ya 15 Agosti 2024, ambao mpaka leo huitwa Pioneer, yaani mwanzilishi. Wanaoishi humo ni wa makabila mengi, na sijasikia kwamba wanataka kuubadili. Hilo halinisumbui. Jirani yao, upande wa kaskazini magharibi, mji mdogo uliokuwa ukiitwa Hoey's Bridge, kwa jina la mlowezi aliyejenga daraja la mto Nzoia, siku hizi huitwa Moi's Bridge. Mtafiti lazima ayajue majina yote mawili, la sivyo atatafuta katika ramani ya mwaka 1930 mahali pasipokuwapo.

Limebaki jambo moja, nalo ni juu ya wanawake, ambao kipande hakikuwaandika na orodha za safari ziliwahesabu ndani ya neno "jamaa". Katika nasaba ya Kinandi usimwulize mzee majina ya baba tu. Mwulize nyumba: mtu huyu alizaliwa katika nyumba ya mke yupi? Maana mali ya mume mwenye wake wengi iligawiwa kwa nyumba, na ng'ombe wa nyumba moja hawakwenda kwa watoto wa nyumba nyingine. Tena iko desturi ambayo wageni wengi wameiandika vibaya kwa kutoielewa. Mwanamke mzee asiye na mtoto wa kiume aliweza kutoa mahari na kuoa mke, ili nyumba yake ipate mrithi. Watoto waliozaliwa na mke huyo walimwita yeye baba, wakairithi mali ya nyumba yake, na ukoo wao ukawa ule wa mume wa mwanamke huyo mzee. Kwa hiyo ukiandika nasaba ya nyumba ya namna hiyo, mahali pa baba utaandika jina la mwanamke, wala usilifute kwa kudhani kwamba karani alikosea.